Baba Anapobembeleza

   Wasikilizaji wapendwa, nazungumza nanyi kutoka hapa Stockholm, ambako mwezi wa Desemba jua linazama kabla hata ya saa tisa alasiri, na mtu akitoka kazini anadhani usiku umeshaingia zamani. 

Mazungumzo ya leo yalianzia ndani ya treni. Nilikuwa na mwanangu wa kiume, ana miaka 14, tumepanda ile treni ya chini ya ardhi ya njia ya kijani, tunaelekea kitongoji cha Hässelby. Yeye anasikiliza muziki kwenye simu, mimi naangalia giza la dirishani. Ghafla akachomoa kispika kimoja sikioni mwake, akakitia sikioni mwangu. "Baba, sikiliza huu." Nikasikiliza. Wimbo ulipokwisha akaniuliza swali moja tu: "Baba, huyu anaimba, au anaomba msamaha?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo nimetembea nalo wiki nzima. Leo naomba tulijibu pamoja.

Wimbo wenyewe ni wa rap. Unaitwa "Mockingbird", jina la ndege mmoja wa Marekani aliye hodari wa kuiga milio ya ndege wenzake. Aliyeuimba ni Eminem, mtu wa Detroit, na ulitoka katika albamu yake iitwayo Encore mwaka 2004. Mwanangu alikuwa hajazaliwa. Lakini nyimbo hazina pasipoti. Huu umetoka Detroit, umezunguka dunia, umekuja kukaa sikioni mwa mtoto wa Kiswahili, Stockholm.

Tena Hässelby kwenyewe rap si mgeni, wala si mgeni kwa watu wetu. Huko ndiko alikokulia Ken Ring, mmoja wa wakongwe wa rap ya Sweden, ambaye mama yake ametoka Kenya. Albamu yake ya mwaka 1999 aliipa jina la Kiswidi lenye maana ya "Njia ya Kurudi". Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usiseme huu ni muziki wa watu wengine. Watoto wetu wanausikiliza, na wengine wanauimba. Afadhali tujue unasema nini.

Haya. Wimbo unasema nini?

Kwanza tuulize, nani anaambiwa? Wanaoambiwa ni watoto wawili wa kike. Mmoja ni binti yake mwenyewe, Hailie. Mwingine ni mtoto wa ndugu wa mkewe, ambaye amemlea pamoja na bintiye kama dada na mdogo wake. Mama hayupo nyumbani. Watoto wanamuulizia mama yao, wana huzuni, na baba amebaki nao peke yake, hana pa kukimbilia. Ndipo anaanza kuwasimulia.

Anawasimulia nini? Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye wimbo. Anawasimulia habari za umaskini wao. Anakumbuka Krismasi moja ambayo baba hakuwa na pesa. Mama akafunga zawadi, akaziweka chini ya mti, na baadhi yake akasema zimetoka kwa baba, ili watoto wasijue kwamba baba hakuweza kununua kitu. Baba anasema usiku ule hakulala, alikesha akilia. Anakumbuka pia kwamba mama yao alikuwa anadunduliza senti kwenye chupa, akiba ya kumsomesha mtoto chuo. Ilipokaribia dola elfu moja, wezi wakavunja nyumba wakaichukua. Halafu anaeleza alivyoondoka kwenda California kutafuta riziki kwa muziki wake, na mtoto akaanza kumwona baba yake kwenye televisheni badala ya kumwona mlangoni.

Wasikilizaji, je, hamkulitambua jambo hili? Mtoto anayemwona baba yake kwenye kioo badala ya mlangoni. Wangapi kati yetu hapa Ulaya, na kule Ghuba, na kwingineko, tuna watoto wanaotuona kwenye kioo cha simu tu? Wangapi tumetuma zawadi ya Idi au ya Krismasi kwa mkono wa mtu mwingine, na tukaomba aseme, "Hii imetoka kwa baba"? Ni wimbo wa Mmarekani, lakini mkasa wake umekaa katika nyumba zetu nyingi.

Sasa turudi kwenye swali la kijana. Anaimba, au anaomba msamaha?

Jibu langu nimelipata ndani ya Kiswahili chetu wenyewe. Tunalo neno kubembeleza. Mama akimpakata mtoto anayelia, akamtikisa taratibu na kumwimbia mpaka usingizi umchukue, tunasema anambembeleza mtoto. Na mtu aliyemkosea mwenzake, akaja kwa maneno ya upole, "Tafadhali, ndugu yangu, yaishe," tunasema naye anambembeleza. Neno ni hilo hilo moja. Kumlaza mtoto ni kubembeleza. Kumsihi mtu akusamehe ni kubembeleza.

Na Eminem katika wimbo huu anafanya yote mawili kwa pumzi moja. Ameuchukua wimbo wa kale wa Kimarekani wa kulazia watoto, ule ambao baba anamwahidi mtoto ndege wa kumwimbia, na ndege asipoimba atamnunulia pete, akaufanya kiitikio chake. Kwa hiyo watoto wanalazwa. Lakini katikati ya kulazwa huko wanasihiwa: nisameheni kwa mambo ambayo hamkustahili kuyaona. Ndiyo maana kijana wangu alishindwa kutofautisha. Hakukosea. Baba yule alikuwa anabembeleza, kwa maana zake zote mbili.

Na hebu tazameni ajabu yake. Muziki huu wa rap, ulipoingia kwetu, wazee wa redio waliupa jina gani? Waliuita muziki wa kufokafoka. Kufoka! Chungu kikichemka kikamwagika kimefoka. Mtu akipandwa na hasira akatukana, amefoka. Na kweli Eminem ni mfokaji. Zipo nyimbo zake nyingi ambazo nisingependa mtoto wangu azisikie, zina matusi na ukatili, na nyingine zimemwelekea mama huyu huyu wa mtoto wake. Nalisema hili wazi ili mtu asidhani namsifu mtu mzima mzima. Nausifu wimbo mmoja, mahali ambapo mfokaji alishusha sauti akabembeleza.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, naomba muishike: baba anajua kufoka, lakini mtoto anahitaji baba anayejua pia kubembeleza.

Pengine mzee mmoja anayenisikiliza pale Lamu anasema, "Mwanangu, kwani sisi hatuna mashairi ya wazazi kwa watoto?" Tunayo, mzee wangu, tena makubwa. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akimuusia mambo ya dini na ya ndoa. Naye Shaaban Robert, alipofiwa na mkewe Amina akabaki na watoto mikononi, aliwatungia tenzi: Hati kwa binti yake, na Adili kwa mwanawe wa kiume. Baba wa Kiswahili, mgane, ameketi na kalamu, anawaandikia watoto wake. Hakuna anayeweza kusema hilo si pendo.

Lakini tuangalie tofauti. Tenzi zetu hizo ni wasia. Mzazi amesimama juu, mtoto yuko chini, na maneno yanateremka: fanya hivi, epuka vile, heshimu huyu. Wasia ni hazina. Wimbo huu wa rap umekwenda njia nyingine. Baba ameinama mpaka kimo cha mtoto, anamwambia: haya ndiyo yaliyotukuta, hapa ndipo niliposhindwa, usiku ule nililia. Wasia humwambia mtoto namna ya kuishi. Kubembeleza humwambia mtoto kwa nini maisha yake yako kama yalivyo. Mtoto anahitaji vyote viwili. Sisi wababa wa Kiswahili tuna kipaji kikubwa cha wasia. Cha pili ndicho tunachokionea haya.

Kwa nini tunaona haya? Kwa sababu tumelelewa tukiamini kwamba baba akieleza udhaifu wake amejivunjia heshima. Pendo la baba, tumeambiwa, ni ada ya shule, ni mkate mezani, ni paa lisilovuja. Mengine anyamaze. Lakini wahenga wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtoto hausikii upendo ulio ndani ya kimya cha baba. Anachosikia ni kimya tu, na kile asichoelezwa anajieleza mwenyewe. Baba asipokuja, mtoto hajiambii, "Baba ana zamu ya usiku." Anajiambia, "Baba hanipendi." Au mbaya zaidi, "Nimefanya nini?"

Wasikilizaji, mtu asifikiri jambo hili la baba kumwimbia mtoto ukweli limeanza na watu wa rap. Hapa hapa Stockholm alizaliwa, mwaka 1740, mtunzi mmoja aitwaye Carl Michael Bellman. Waswidi wanamjua kama sisi tunavyomjua Shaaban Robert. Alikuwa mtunzi wa nyimbo za vilabuni: walevi, wanamuziki maskini, mapenzi ya vichochoroni, na kifo kinachowangoja wote mlangoni. Mwaka 1794 alifungwa kwa sababu ya madeni, na mwaka uliofuata akafariki. Angeishi leo, pengine angekuwa anaimba rap.

Basi mtu huyo wa vilabuni, mwaka 1787, alimtungia mwanawe Carl wimbo wa kumlaza. Na ndani ya wimbo huo hakumficha mtoto. Anamtaka alale kwa amani, na papo hapo anamwambia kwamba dunia ina uchungu na maisha ni mafupi. Anamsimulia habari za mtoto aliyejitazama katika maji, sura yake ikaonekana, kisha ikapotea. Wimbo wa kulaza mtoto, wasikilizaji! Waswidi wanauimba mpaka leo, zaidi ya miaka 200 baadaye. Kwa nini haujafa? Nadhani ni kwa sababu mtoto anapolala kifuani mwa baba anaweza kubeba ukweli mzito. Uzito wa maneno unachukuliwa na mkono uliomshika. Mweleze mtoto ukweli huo huo ukiwa umesimama mlangoni na koti lako, utamtisha. Mweleze umempakata, atalala.

Basi sasa tuje kwetu sisi, wababa wa Kiswahili wa mji huu.

Nchi hii imetupa vitu viwili ambavyo wengi wetu hatukuvikuta kwetu. Cha kwanza ni muda. Tangu mwaka 1974 baba Sweden ana haki ya kubaki nyumbani na mtoto mchanga huku akilipwa na bima ya jamii, sawa na mama. Leo siku zenyewe ni 480 kwa kila mtoto, wazazi wanagawana, na 90 katika hizo ni za baba peke yake. Asipozichukua, zimepotea. Ndiyo maana ukitembea hapa siku ya kazi, saa nne asubuhi, unawakuta wanaume wazima wanasukuma vigari vya watoto, wanawalisha uji, wanawabadilisha nepi, na hakuna anayewashangaa.

Cha pili, badala ya kutupa, imetunyang'anya. Imetunyang'anya fimbo. Mwaka 1979 Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kumchapa mtoto, hata ndani ya nyumba yako. Nimewasikia wababa wengi wakilalamika: "Fimbo wamechukua, sasa nitamlea kwa nini?" Nawaelewa. Mtu aliyefunzwa chombo kimoja, ukimpokonya chombo hicho, anajiona mikono mitupu.

Lakini nakuuliza, baba mwenzangu: ulipochukuliwa fimbo, ulimi wako nao ulichukuliwa? Sauti yako je? Mapaja yako ya kumpakata mtoto je? Kuzaa si kazi, kazi kulea, na malezi mengi hufanywa kwa mdomo. Tatizo ni kwamba wengi wetu, fimbo ilipoondoka, tulibaki na kufoka. Tunafoka mtoto asipojibu kwa Kiswahili. Tunafoka akichelewa. Tunafoka kwenye simu. Na mtoto anatia vispika masikioni, anakwenda kutafuta sauti ya baba mwingine, wa Detroit, anayeongea taratibu.

Liangalieni hilo, wasikilizaji. Kijana wangu hakuupenda wimbo ule kwa sababu ya mdundo tu. Aliupenda kwa sababu kuna baba ndani yake anayeeleza.

Naomba sasa niseme mambo matatu, kwa ufupi, ambayo wimbo huu unatufundisha tukiusikiliza kwa makini.

La kwanza: baba anapoeleza, asimvunje mama. Eminem na mkewe walikuwa na ugomvi ulioandikwa magazetini dunia nzima. Lakini akiwa mbele ya watoto, ndani ya wimbo huu, nani aliyefunga zawadi? Mama. Nani aliyeweka akiba? Mama. Nani moyo wake ulivunjika akiba ilipoibwa? Mama. Anawapa watoto mama wa kumkumbuka kwa wema. Hapa Stockholm wako watoto wengi wanaokaa wiki moja kwa baba na wiki moja kwa mama. Mtoto wa namna hiyo ukimtukania mama yake umemtukana nusu yake mwenyewe.

La pili: baba anapoahidi, apime. Mwisho wa wimbo unabadilika. Baba anaahidi ndege, anaahidi pete, anaahidi dunia nzima, halafu anaanza kutishia: yule ndege asipoimba atakiona, na sonara aliyeuza pete mbovu naye atakiona. Mwanangu alicheka hapo, nami nikatabasamu. Lakini nimepafikiria tena. Pale ndipo chungu kinapoanza kufoka upya. Baba aliyeshindwa jana anataka kuushinda ulimwengu wote leo kwa ajili ya mtoto. Ni pendo, sikatai, na lina kidonda ndani yake. Eminem mwenyewe aliachwa na baba yake akiwa mtoto mchanga. Mwenye kovu usidhani kapoa. Ahadi kubwa mno mara nyingi ni kilio cha mtoto aliyekuwa baba huyo zamani. Sisi tuahidi kidogo, tutimize. Mtoto hahitaji pete. Anahitaji Jumamosi.

La tatu, na ndilo kubwa: kueleza hakumshushi baba. Mtu anaweza kuniuliza, je, mtoto aambiwe kila kitu? Hapana. Kuna mizigo ya wakubwa ambayo si ya mabega madogo. Mtoto aambiwe yale yanayomhusu, yale ambayo asipoambiwa atajilaumu kwayo. Kwa nini baba hakuja. Kwa nini mama amehama. Kwa nini tulihama nchi. Hayo ni yake, ana haki nayo.

Nimalizie na jibu nililompa kijana wangu, maana alinidai.

Hapa Sweden, tarehe 13 Desemba, watoto wa shule huvaa kanzu nyeupe, hushika mishumaa, na kuimba nyimbo za sikukuu ya Lucia alfajiri kabla hakujapambazuka. Wazazi huja kuwaangalia. Mwanangu alipokuwa na miaka 7 nilimwahidi nitakuja. Sikwenda. Zamu yangu ya usiku iliongezwa, sikuwa na ujasiri wa kukataa, nikafika nyumbani yeye ameshavua kanzu. Sikusema kitu. Jioni nikamnunulia chokoleti, nikadhani yamekwisha.

Juzi usiku niliketi ukingoni mwa kitanda chake, nikamweleza. Nilimwambia niliogopa kupoteza kazi, nilimwambia nilisimama kituoni alfajiri ile nikitazama saa, na nilimwambia, nisamehe mwanangu. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nakumbuka, baba. Nilikuwa nimekuwekea kiti."

Miaka 7, wasikilizaji. Kiti kile kilikuwa kitupu ndani ya moyo wake kwa miaka 7, na mimi sikujua, kwa sababu nilikuwa nimenyamaza. Nikamwambia, sasa umenijibia swali lako mwenyewe. Yule wa kwenye wimbo alikuwa anabembeleza. Nami ndicho ninachofanya hapa.

Baba unayenisikiliza, popote ulipo: ukiwa karibu na mtoto wako, usiku huu kaa ukingoni mwa kitanda chake. Ukiwa mbali, piga simu kabla hajalala. Kuna kiti mahali fulani alikuwekea. Kiulizie.